Paka Aliyelalia Asumini ya Jirani

Alhamisi, mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa taabani. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa pazia, na nguo nilizoanika darini, upande usio na mabati, asubuhi zilikauka kabla sijabana ya mwisho. Nilipozitoa kambani zilisimama zenyewe kama papa mkavu. Sasa ni jioni, vidole vyangu vinanukia asumini, na kila nikianza kuandika nacheka. Kisha najiuliza kama ni haki kucheka, maana leo mchana palikuwa na mtu wa kupelekwa sokoni Marikiti kwa mkokoteni, na mama mmoja mtu mzima alikuwa karibu kulia.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hivyo sijui wenzangu hupangaje mambo kama haya wanapoyaandika. Nitayapanga yalivyotokea. Nikimpendelea mtu, si kwa kusudi.

Ghorofani kwetu tunakaa watatu: mimi, mume wangu aliyestaafu ukarani wa makasha huko Kilindini, na mama yake. Wa nne ni paka. Ni dume la kijivu lenye mistari, sikio moja limepasuka kwa ugomvi ambao hatukuushuhudia, na hatujawahi kumpa jina. Twamwita Paka, naye haji. Ni wa mama mkwe wangu. Tangu macho yake mama yaingie ukungu, paka huyo ndiye mlinda mlango wake. Humlalia miguuni, na mtu akianza kupanda ngazi zetu, hata awe mwepesi kama mwizi, paka huinua kichwa. Mama husikia kile kichwa kikiinuka juu ya unyayo wake, akasema "Karibu!" kabla mgeni hajapiga hodi. Wageni hushtuka. Kuna wanaosema mtaani kwamba ana kipawa. Yeye hajawahi kuwasahihisha, na mimi sioni kama hiyo ni kazi yangu.

Jirani yetu ni mjane, na nyumba yake inatazamana na yetu. Kichochoro kilicho katikati ni chembamba kiasi kwamba mimi nikikaanga vitunguu, yeye ndiye anayepiga chafya. Kutoka dirisha letu hadi dirisha lake la ngazini, kwa paka, si safari.

Kazi yake ni vikuba. Kikuba, kwa asiyekijua, ni kile kishada kidogo cha asumini na rihani na mkadi ambacho mwanamke hujibandika kifuani akienda harusini, ili akishapita watu wajue kwamba amepita. Asumini hununuliwa ingali imefumba. Jirani huitandaza kwenye sinia, huifunika kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha huiweka sinia kwenye ngazi zake za mawe, pahali pa kivuli, isije ikafunguka kabla ya saa yake. Ikifunguka mapema, mpaka bi harusi atoke imeshakuwa rangi ya chai. Wanawake wa Mji wa Kale na hata wa ng'ambo ya daraja hutuma watu kwake, na sijasikia mmoja aliyerudi akilalamika.

Basi Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alikuja.

"Hodi!"

"Karibu!" alisema mama mkwe kutoka chumbani, ila safari hii alichelewa, hodi ilikuwa imeshapigwa. Hilo nililiona, lakini sikulitia maanani.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, sijui nyinyi," nikasema.

"Sisi wazima, alhamdulillahi. Bwana hajambo?"

"Hajambo."

"Goti lake?"

"Lampa nafuu."

"Na mama, macho?"

"Ndiyo hivyo, twashukuru."

"Na wale wa Tudor?" Hao ni binti yangu na watoto wake.

"Wazima, wakusalimu."

"Waniwie radhi sijawaona siku nyingi. Na paka?"

Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini mdomo ulikuwa umeshashika njia, nikajibu, "Paka naye hajambo, ashukuru Mungu."

"Namjua hajambo. Nimetoka kumwacha sasa hivi. Amelala juu ya asumini yangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye hakuinua sauti. Aliketi, akakunja buibui lake magotini, akanieleza kwa utaratibu kama mtu anayesoma khabari. Ilikuwa desturi sasa, alisema. Kila siku jua likikaza, anashuka dirishani kama mwenye nyumba, anapanda juu ya sinia, anazunguka, anazunguka tena, analala. Asumini zinapondeka. Na manyoya! Je, mimi ningependa kwenda harusini nikiwa na manyoya ya paka kifuani?

Nilisema nisingependa. Ndiyo kweli yenyewe.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Alhamisi nina harusi kubwa. Vikuba vya ukumbi mzima ni mimi. Akilalia maua ya harusi hata mara moja, namtia tengani. Mpwa wangu ana mkokoteni wa ndizi, atampakia, atamshusha Marikiti. Sikutishi. Nakuarifu."

Aliondoka kwa adabu zake zote. Mama mkwe akaita kutoka chumbani.

"Kamtaja nani wa Marikiti?"

"Paka, mama."

"Marikiti! Paka wa Marikiti ni majambazi wale. Watamla na mistari yake." Kisha akapapasa kwa unyayo pale paka hulala. "Na mimi n'taambiwa na nani kwamba mtu yuwaja?"

Hilo swali lilinikaa. Kwa upande mmoja kulikuwa na mama na miguu yake. Kwa upande mwingine kulikuwa na mwanamke anayekula kwa jasho lake na maua yake, na hakuna aliyemwomba afuge paka. Niliyapima mambo haya nikipepeta mchele, nikaona wote wawili wana haki, ambalo ni jambo la kuudhi sana, maana mtu hupata nafuu akijua nani ana makosa. Paka aliporudi nilimshika nikamnusa mgongoni. Alinukia kama bi harusi. Sikuwa na utetezi.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea jirani sahani ya mahamri na mbaazi, kwa njia ya kuomba radhi. Aliipokea, akasema Mungu anizidishie. Na hapo, bila kujua, nilikuwa nimeharibu kesi yote.

Hapa kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hata ugomvi uwe wa aina gani, hairudi. Kwa hivyo Jumapili jirani alipokuja kushitaki kwa mara ya pili, alikuja na sahani yangu, na ndani yake kaimati zinazometameta kwa shira.

"Sukari imekaa sawa?" aliuliza.

"Imekaa sawa kabisa."

"Haya. Amelala tena."

Mume wangu alikuwa anakula ya tatu au ya nne. "Pole sana, jirani," alisema huku shira ikimtiririka kidevuni. "Yaani jambo hili latusikitisha."

Nami sikuweza kukubali kaimati za mtu niliyemkosea nikanyamaza. Jioni ile nilipeleka viazi karai na chatine ya ukwaju. Jumatatu sahani ilirudi na vitumbua, na pembeni mwa sahani, kwenye kijikaratasi, ua moja la asumini lililopondeka lenye unywele wa kijivu. Huo ulikuwa ushahidi. Niliutazama ushahidi kwa heshima. Vitumbua vilikuwa vyepesi, vina iliki, vimeungua ukingoni kidogo tu kama inavyotakiwa.

"Kesi kama hii bandarini," mume wangu alisema, "haifungwi haraka. Hupelekwa pole pole."

"Baba, mtu anaharibiwa kazi yake," nikamwambia.

"Sijakataa. Nasema tu, kabla hujamfunga paka, ngoja tuone kesho analeta nini."

Mama mkwe alicheka mpaka meno ya bandia yakahama. Na mimi nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilijiona kama mtu anayechuma kwa makosa yake mwenyewe. Dhambi ilikuwa yetu, na sisi ndio tuliokuwa tukinenepa. Nikaamua, kabla ya Alhamisi, paka atazuiwa, vitumbua au bila vitumbua.

Kumfunga haikuwezekana. Nyumba zetu hizi zilijengwa ili upepo upite, na kila panapopita upepo, paka hupita. Nikiziba dirisha hili, anatokea la jikoni. Nikiziba la jikoni, sote twatokwa jasho kama tumekaa ndani ya sufuria. Basi Jumanne mama mkwe akatoa ushauri wake.

"Mfukizeni."

"Tumfukize vipi, mama?"

"Ubani. Na udi kidogo, msifanye uchoyo. Bi harusi akishafukizwa yuwatulia ndani, hana habari ya kutoka. Huyu naye ni kiumbe, ana pua."

Sijui ni kwa nini sote tulikubali. Labda ni joto. Tulitia makaa kwenye chetezo, tukatia ubani na kipande cha udi wa akiba, tukafunika tenga juu kama tunavyofukiza nguo, na paka tukamweka juu ya tenga. Nilitegemea ataruka. Hakuruka. Alikunja mikono, akafumba macho, moshi ukampanda kutoka chini hadi masikioni, akatulia kama bibi wa kifalme. Mume wangu alitoka chumbani akatuona, sisi watu wazima wawili tumemzunguka paka anayefuka, akarudi ndani. Nilimsikia akicheka ndani ya mto.

Paka alipotosheka alishuka, akajinyoosha, akatoka dirishani.

Haikupita muda jirani alikuwa mlangoni petu. Safari hii hakusalimu mtu hata mmoja, wala hakuwa na sahani. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mmemfukiza!"

"Jirani, naomba nikueleze..."

"Mmemfukiza udi! Yaani mmeona kila siku arudi ananukia asumini yangu, mkasema, tumpige udi, asumini isisikike, tumwambie yule mwanamke mwongo!"

"Wallahi si hivyo!"

"Kwani kuna paka gani duniani anayefukizwa? Anaolewa? Anaolewa na nani?"

Kutoka chumbani mama mkwe alisema, "Ni dume huyo, anaoa."

Mume wangu alikohoa, akakimbilia jikoni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeumia. Nimeitwa mengi katika maisha yangu, mzito wa akili, mwenye maneno mengi, asiyejua kukata samaki. Lakini kuficha ushahidi! Mimi ambaye nilimnusa paka wangu mwenyewe nikakiri! Na nilipofikiri vizuri, nikaona kwa upande wake alikuwa na haki kufikiri hivyo. Ningekuwa mimi ningefikiri vivyo hivyo, na pengine ningepiga kelele zaidi.

"Jirani," nilisema, "kesho jua likikaza nitakuja kukaa ngazini kwako. Nitamwona kwa macho yangu. Akilala, nitasema amelala, mbele ya mume wangu na mbele ya mama. Baada ya hapo utakalolisema ni sawa."

Alinitazama. "Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

"Basi usije umekula," alisema kwa hasira. "Nimepika tambi."

Jumatano nilienda. Niliketi ngazi ya katikati, si karibu na sinia wala si karibu na dirisha, nisije nikaambiwa nilimwita au nilimfukuza. Jirani aliketi ngazi ya juu yangu akitenga rihani. Ngazi zake ni za mawe ya kale, kuta nene, na mtu akitoka kwetu, ambako juu ya vichwa vyetu kuna mabati tu, anahisi kama ameingia ndani ya tikiti maji. Nilikula tambi. Nilianza kusinzia.

Paka alitokea dirishani. Aliponiona alisita, mguu mmoja juu, akanitazama kama mwanamume aliyekutana na mkewe pahali ambapo hakuaga kwamba anakwenda. Kisha akaamua hanijui. Akashuka, akapanda juu ya sinia, akazunguka, akazunguka tena, akalala.

"Umeona?" jirani alinong'ona.

"Nimeona."

"Utasema?"

"Nitasema, kama nilivyoahidi."

Uso wake ulifunguka, akawa kijana ghafla. Watu wengi, nadhani, hawataki kushinda. Wanataka mtu mmoja tu aseme, ndiyo, nimeona.

Nikainuka kumtoa paka. Alijifanya mzito, kama wafanyavyo, ikabidi nipitishe mkono chini ya tumbo lake. Mkono wangu ukagusa kile kitambaa. Kilikuwa baridi kama ubavu wa mtungi. Sikumtoa. Niliacha mkono wangu pale pale, nikamtazama. Ua moja lilikuwa limejitokeza karibu na pua yake. Alilinusa, akapiga chafya, akageuza uso.

"Jirani," nilisema. "Huyu hapendi asumini."

"Hapendi, na kila siku yuko juu yake?"

"Anapenda baridi. Hebu weka mkono wako hapa. Sisi kule juu twaungua. Yeye ametafuta mtaa mzima akapata hiki kitambaa."

Aliweka mkono. Mikono yetu miwili ikawa chini ya paka mmoja, naye akaanza kukoroma kwa raha.

"Sasa unataka nimnunulie friji?"

"Mwekee sinia nyingine. Kitambaa kilicholowa, bila maua."

Nilijua hapo hapo kwamba nimesema vibaya.

"Yaani nimtandikie."

"Si kumtandikia..."

"Nimtandikie paka wako. Nimnyunyizie na marashi ya mawaridi? Nimpepee? Nimwulize, bwana mkubwa, mto umekaa vizuri?" Alitoa mkono. "Mjengee baridi kwako. Kesho nina harusi. Nilichokisema Ijumaa ndicho ninachokisema leo."

Alikuwa na haki. Kitanda cha paka wangu si kazi yake. Nilirudi nyumbani, nikatoa ushahidi mbele ya mume wangu na mama kama nilivyoahidi, kisha nikatandika gunia lililolowa kwenye sinia yetu ya kupigia chapati. Paka akaja, akaweka mguu mmoja, akaukung'uta. Chini ya mabati yetu maji yalikuwa yameshakuwa vuguvugu. Lilikuwa gunia la kukandia mtu mgonjwa.

Ndiyo tukafika leo.

Tangu asubuhi nyumba ya jirani ilikuwa inanukia hadi kwetu. Tulifunga kila kitu ila dirisha la mama, asikose hewa. Paka tulimtia jikoni na mkia wa nguru, na mume wangu akaketi mlangoni na redio yake, goti juu ya kigoda, kama mlinzi wa lango bandarini. Mimi nilikuwa darini nikitoa nguo. Vikuba vilikuwa vichukuliwe baada ya alasiri. Nilikuwa najiambia, bado kidogo tu, bado kidogo, ndipo nilipomsikia mama mkwe akiniita nije upesi.

"Ndoo hapa! Ndoo!"

Nilishuka mbio. Alikuwa ameketi kitandani, amenyoosha miguu mbele.

"Miguu yangu mitupu," alisema. "Nilisikia amepita hapa, akanigusa, akaenda. Wapi?"

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama birika.

"Nilifungua kidogo tu," alisema, "nichukue maji ya chai."

"Kidogo ndio ukubwa wake!"

"Usirudi bila yeye," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na mzaha hata chembe. "Mwambie jirani ampakie mkokotenini mtu mwengine. Anipakie mimi. Mimi hata sioni njia, sitajua n'nakwendapi. Lakini huyu amwache."

Nilijitupia leso kichwani nikashuka. Kichochoro kizima nilikipita kwa hatua ambazo mwanamke wa umri wangu hazimfai, nikipanga maneno. Nitalipa maua. Hapana, maua yanalipika, lakini jina lake je? Bi harusi je? Nitamwambia ampeleke Marikiti, ni haki yake. Hapana, nitamwambia mama. Nitasema nini kwa mama? Nilifika mlangoni kwake nikiwa nimempa jirani ushindi, nikamnyang'anya, nikampa tena.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani alikuwa ngazini juu, amezungukwa na vikuba, uzi mdomoni. Aliponiona aliinua kidole: shh.

Chini yake, kwenye ngazi ya pili kutoka chini, palikuwa na sinia ya zamani iliyobonyea. Juu yake palikuwa na leso ya nusu yenye maua mekundu, imekunjwa mara nne, imelowa, inatona. Na juu ya leso palikuwa na paka, amelala chali, miguu minne hewani, sikio lake bovu limening'inia nje ya sinia.

Vikuba vilikuwa juu kabisa, vimefunikwa, vizima.

Nilimtazama jirani. Jirani alitoa uzi mdomoni.

"Hiyo ni leso ya kudekia," alisema.

"Naona."

"Nilidekia, nikaiweka hapo ikauke."

"Imekunjwa vizuri."

"Mimi hukunja vitu vyangu vizuri. Yeye amejipandia mwenyewe. Usiende ukasema nimemtandikia."

"Sitasema."

"Wewe ni mtu wa kusema ukweli. Utasema nini?"

Nilifikiri. "Nitasema nilikuta leso ya kudekia, imelowa, imekunjwa mara nne, na paka yuko juu yake."

"Sema hivyo," alisema. Kisha tabasamu likamponyoka, akalificha kwa leso aliyojifunga, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi nikaketi ngazini pale pale. Tulicheka kimya kimya, kwa pua, tusije tukamwamsha.

Alikuwa amechelewa na kazi, kwa hivyo nikamsaidia. Alinifundisha kufunga: mkadi nyuma, rihani pembeni, asumini mbele, uzi upite mara moja tu usije ukalikata ua. Vyangu viliinama upande. Alivitazama, akasema vitakwenda kwa wale wanaokaa nyuma ya ukumbi. Tulipomaliza tulivaa miwani, yeye yake, mimi yake ya zamani, tukakagua kikuba kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Hatukuona unywele hata mmoja. Ningeuona ningesema.

"Lakini huyu si wangu," alisema tukiwa tunapanga. "Ni wakati wa joto tu. Na mama yako anamtaka saa ngapi?"

"Alasiri huamka. Akiamka humtafuta kwa miguu."

"Alasiri basi."

"Lakini utamwambiaje arudi?"

Adhana ilipoanza aliinuka, akashuka hadi kwenye sinia, akashika pembe ya leso, akaivuta kutoka chini ya paka kama mtu anayetoa kitambaa mezani bila kumwaga vikombe. Paka akajikuta juu ya bati tupu. Akaketi. Akatazama huku na huku, amefedheheka, akarukia dirishani akaenda kwao.

"Kila siku," jirani alisema, akiikamua leso.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshafika peponi. "Ana baridi kama mtungi," alisema, vidole vya miguu vimezama ndani ya tumbo la paka. "Wamempeleka wapi huyu, Ulaya?"

Nikawaeleza yote, ikiwemo leso, imekunjwa mara nne. Mume wangu aliniuliza kama kesi sasa imefungwa. Nilisema naona imefungwa. Akaonekana mnyonge. "Hata sahani moja ya mwisho?" aliuliza.

Baada ya magharibi tulikuwa tumeketi, sijapika bado, maana siku yote nilikuwa mbio. Miguuni pa mama kichwa cha kijivu kikainuka.

"Karibu!" akasema mama.

Ngazini nyayo zikasita. Kisha mtu akapanda pole pole, kama anayeingia pahali pasipo pa kawaida. Alikuwa mpwa wake jirani, yule mwenye mkokoteni, mtu mzima wa mabega mapana, sinia kichwani.

"Umejuaje, bibi?" alisema. "Sijapiga hodi bado."

"Ni Mungu tu, mwanangu," alisema mama.

Alikuwa ametumwa kutoka harusini. Akatua sinia, akamwona paka, akakaa akimtazama. "Ndiye huyu niliyekuwa nimpakie?"

"Ndiye."

"Mdogo hivi! Mimi nilisafisha mkokoteni mzima."

Alipoondoka niliinua kifuniko. Kando ya sinia kulikuwa na kikuba kimoja kilichoinama upande, nikakitambua kwa uzi wake. Nilikibandika kifuani pa mama. Kifuniko chenyewe kilikuwa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, kama yetu, kama yake, na kwa namna zilivyokwenda zikirudi wiki hii sijui tena ipi ni ya nani. Nimeigeuza chini juu, hakuna alama. Itanibidi niipeleke na kitu ndani, kwa usalama.

Tulikula biriani ya mbuzi, na kachumbari, na achari ya ndimu ambayo mume wangu aliitafuta hadi chini ya chupa. Ndizi mbivu zilikuwa za ule mkokoteni. Paka alipewa mfupa, akaubeba hadi juu ya miguu ya mama, na mama akasema mwacheni aule pale pale.